Pesa ni za grupu, kamera ni ya binamu ya mpenzi wangu

BARUA

Anti, habari yako. Mimi ni msichana wa miaka 29, naishi Zimmerman na nafanya kazi ya keshia kwa duka la hadiwea huku town. Naomba usiweke jina langu manake watu wa grupu letu wanakusoma, na kuna mmoja hakosi hata wiki moja.

Iko hivi. Tuko na grupu la kupanda milima, watu 16. Tulianza tu na Ngong Hills kwa mchezo, tukaenda Longonot, tukaenda Elephant Hill, na sasa mwezi wa nane tunaenda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, tunalala Old Moses, halafu kambi ya Shipton, halafu ule usiku wa mwisho tunaamka tupande Point Lenana tuone jua likitoka. Kila mtu ametoa 4,000 ya kununua kamera ya grupu, hiyo inafika 64,000, na mimi ndio mweka hazina kwa hivyo pesa iko kwa laini yangu ya M-Pesa hivi tunavyoongea.

Kwa nini kamera na watu wako na simu? Anti, mwaka jana wachache wetu tulienda Lenana na simu zetu. Ya jamaa mmoja ilikuwa na asilimia 40, ikazima hivyo tu tukikaribia kilele, yangu ikafuata, ya tatu ikafuata. Jua lilitoka tukaliangalia kwa macho. Halafu Elephant Hill tukanyeshewa vile Aberdare hunyesha, simu mbili zikaingia maji. Ndio watu wakasema basi, tununue kamera moja ya kuvumilia baridi na mvua, isiyo ya bei ya kutuua.

Sasa shida. Niko na mpenzi, nitamwita G, tumejuana tangu chuo na Desemba anataka kunipeleka kwao. Yeye si wa grupu. Binamu yake anauza Nikon D7000 na lenzi yake ya 18-55, anataka 45,000 na anazitaka haraka manake ako na rent imemkalia. G alinionyesha picha zake, kamera inakaa poa, ni nzito, ukiishika unajua umeshika kitu. Akaniambia hiyo mwili yake iko na chuma na mvua haiiwezi. Shida ni kwamba kabla nijibu chochote alikuwa ashamwambia binamu yake ati imeuzwa.

Kwa grupu nako kuna fundi wa sola, mtu mtulivu, yeye anasema tununue ile ndogo ya Olympus inaitwa Tough TG-6, ameona iliyotumika kwa duka moja town 52,000. Mpya yake, TG-7, tuliambiwa 78,000, hiyo hatuwezi. Lakini alivyotuma picha yake kwa WhatsApp watu wakacheka, ati hako ni ka kuchezea watoto, ati tutoe 4,000 kila mtu tununuliwe kasabuni. Mwingine anataka GoPro. Mwingine alisema heri turudishiwe pesa.

Naogopa Anti. Aliyekuwa mweka hazina kabla yangu aliondoka na maneno mengi, watu mpaka leo wanasema alikula pesa ya basi. Nikinunua kwa binamu ya G halafu kamera ikufe huko juu, watasema nimekula na mpenzi wangu. Nisiponunua, G ashasema mara moja, kwa sauti ya kucheka lakini nilimsikia, "kumbe watu wangu huwaamini." Nikinunua hiyo ndogo picha zikuwe mbaya, bado ni mimi.

Na kusema tu ukweli, mimi pia naipenda hiyo kubwa. Nataka nijifunze kupiga picha vizuri, sitaki kukaa kwa till maisha yangu yote. Nifanyeje?

Mweka Hazina, Zimmerman


JIBU

Mwanangu, asante kwa kuniandikia. Barua yako nimeisoma jioni nikairudia asubuhi, na nilivyoielewa ni hivi, unirekebishe nikikosea. Umeshika pesa za watu 16. Umetumwa kitu kimoja, kamera ya kuvumilia baridi na maji. Mtu unayempenda ameweka kamera mezani kabla hujakubali, na ukikataa unaona kama umekataa ukoo mzima. Grupu lenyewe halijui linataka nini, lakini linajua vizuri sana litamlaumu nani. Halafu pale chini kabisa, ukiwa karibu kufunga barua, ukaandika kwamba wewe mwenyewe unaitaka hiyo kubwa kwa sababu zako. Hiyo sentensi ndiyo ilinifanya nirudie barua. Tutaifikia.

Wacha kwanza tumalize mambo ya baridi, manake naona nyote mnaongea kama kuna kamera inayokufa baridi na nyingine haifi, na haiko hivyo sana. Niko na mpwa wangu anapiga picha za harusi na wikendi zingine anapotelea milimani, nilimpigia tukakaa kwa simu mpaka chai ikapoa.

Fanya hesabu rahisi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Lenana iko mita 4,985. Kila mita 1,000 unazopanda hewa hushuka kama digrii 6 hivi. Chukua ile asubuhi ya mwezi wa saba ama wa nane hapa kwetu, digrii 12, watu wamevaa marvin kwa steji. Toa kama 20. Unabaki na karibu digrii 8 chini ya sifuri, kwa kukadiria, siku zingine itakuwa afadhali na zingine mbaya zaidi. Upepo wa huko juu utakuumiza wewe kwa sababu mwili wako una joto la kuibiwa, lakini kamera haiwezi kuwa baridi kushinda hewa yenyewe, inafika tu huko haraka.

Sasa D7000 ilitoka 2010 na kitabu chake kinasema itumike kati ya digrii 0 na 40. TG-6 ilitoka 2019 na imeandikwa mpaka digrii 10 chini ya sifuri, kuzama maji mita 15, kuanguka mita 2.1. Ukisoma hapo unaweza kusema kesi imeisha, fundi wa sola ameshinda. Lakini ile 0 maana yake ni kwamba mtengenezaji hakuahidi chini ya hapo, si kwamba ikifika 0 inazima. Watu wengi wamepiga picha kwa barafu na kamera zilizoandikwa 0. Kinachoanguka kwanza ni betri. Baridi inapunguza kasi ya kemia ndani ya hizi betri za lithiamu, nguvu yake inashuka, simu inaona kama imeisha inajizima, na ukiiweka kwapani kidogo ile chaji inarudi. Hivyo ndivyo simu zenu zilivyozima na asilimia 40, na hata iPhone imeandikwa itumike kati ya digrii 0 na 35 tu. Hazikuwa zimeharibika.

Na ukishaelewa ni betri, mambo yanageuka kidogo. Ile ya D7000 ikiwa mpya ilipimwa picha 1,050 kwa chaji moja, ya TG-6 picha 340. Baridi ikikata nusu, bado kubwa ina za kutosha asubuhi nzima na zaidi. Lakini hiyo ni betri mpya, na ya binamu ya G sijui imezeeka aje. Kuna mahali kwa menyu ya hiyo Nikon pameandikwa habari za betri, ukifungua utaona umri wake kutoka 0 mpaka 4. Ikiwa 4 imechoka, na betri iliyochoka kwa baridi ndiyo ya kwanza kukuacha. Tena hiyo Nikon haichajiwi na kebo ya USB, inataka chaja yake na soketi, na kwa kambi usitegemee soketi. TG-6 inakula pawabenki. Ila chochote mtakachobeba, kisichajiwe kikiwa kimeganda, kwanza kipate joto ndani ya begi la kulalia, manake kuchaji betri ya lithiamu ikiwa chini ya sifuri kunaiumiza kwa ndani na haiponi.

Mvua nayo. G hajakudanganya, hiyo Nikon ina chuma juu na nyuma na viungo vyake vimezibwa. Lakini lenzi ya 18-55 haina ile raba ya kuziba pale inaposhikana na mwili, kwa hivyo maji yana mlango. Manyunyu yatavumilika ukiwa na kitu cha kuifunika. Mvua ya Elephant Hill mimi singejaribu. TG-6 unaiosha kwa mfereji ukirudi na matope, bora milango yake ya betri na kebo imefungwa na raba zake ni safi. Na hapo ndipo iliyotumika inatia wasiwasi, manake hizo raba huzeeka, mtengenezaji mwenyewe hushauri zibadilishwe kila mwaka, na mtu aliyeibeba Diani akaacha mchanga kidogo kwa mlango hatakuambia. Kwa hivyo "haiingii maji" ya kamera ya mkono wa pili ni kitu cha kuulizia. Mwenye duka anakupa waranti ya siku ngapi? Utaruhusiwa kuirudisha? Umefungua hiyo milango ukaangalia na tochi?

Picha zenyewe: hiyo ndogo ina sensa ndogo sana, ile sehemu ya ndani inayopokea mwanga. Jua likitoka itawapa picha nzuri tu za watu wakiwa na bendera. Lakini saa kumi usiku, watu wamevaa taa za kichwa wanapanda kwa mstari, itatoa picha za chengachenga. Kubwa itafanya vizuri zaidi hapo, kama kuna mtu ana nguvu ya kuitoa kwa begi. Ikiwa na lenzi ni karibu kilo moja, TG-6 ni gramu 253. Naongea kama mtu ambaye hapandi hata ngazi bila kulalamika, lakini mpwa wangu ananiambia ukipita mita 4,500 kamera nzuri ni ile iko nje, ile iko ndani ya begi chini ya jaketi na biskuti hakuna mtu ataitoa. Nani ataibeba? Mmeshaongea hilo kwa grupu? Kwa barua yako sikuliona. GoPro nayo ni ya video na ya kuonyesha mahali kote, sura za watu wakisimama mbali kidogo hazitaonekana vizuri, mtu wenu wa GoPro mwulizeni anataka kuona nini.

Kuna jambo lingine hamjalitaja na linaua kamera kuliko hiyo baridi. Unatoka Lenana kamera imeganda, unaingia kibandani kambini, kuna jiko, kuna mvuke wa chai na pumzi za watu. Unyevu wote unakimbilia kwa kamera, nje mpaka ndani. Dawa yake ni kuifunga kwa mfuko usioingiza hewa ukiwa bado nje, halafu uiache humo mpaka ipate joto polepole. Watu hupenda kusema tumia ziploki, lakini kumbuka plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku ndani ya mbuga zetu tangu Juni 2020, kwa hivyo tafuteni ile mifuko mizito ya kutumika tena, ile ya wapanda mitumbwi.

Haya. Ukiangalia yote hayo utaona swali la "gani ni ngumu" halina jibu moja, na linategemea grupu linataka picha za saa ngapi, nani anabeba, na mtaenda Aberdare mara ngapi baada ya Mlima Kenya. Hayo si ya mweka hazina kuamua akiwa peke yake usiku Zimmerman. Nani alisema ni yako peke yako? Umetumwa kushika pesa, na labda kwa sababu ya yule aliyeondoka na maneno, umejibebesha pia kuchagua, kujaribu na kulaumiwa.

Tuje kwa G. Umeandika kama kukataa kamera ni kumkataa yeye. Inawezekana yeye pia anaona hivyo, na inawezekana hajafikiria kabisa, aliona tu binamu ana shida, mpenzi ana pesa ya kamera, akaunganisha. Je, anajua kwa kweli kwamba hizo si zako? Anajua ile hadithi ya mweka hazina wa kwanza? Mtu anayekupeleka kwao Desemba anaweza kuelewa kwamba jina lako liko kwa mizani, lakini lazima aambiwe, asikie kwako. Hiyo ya kusema "imeuzwa" kabla hujajibu ningeuliza pia, bila ugomvi. Si kwa sababu ya kamera. Mkiwa na nyumba kutakuwa na vitu vingi vya kuuzwa na kununuliwa na watu wa pande zote mbili, na ni vizuri ujue mapema anafanyaje.

Njia naona ziko kadhaa na hakuna isiyo na mwiba. Unaweza kuwaambia grupu waziwazi kwamba muuzaji ni binamu ya mpenzi wako, kamera iletwe mkutano, wao waikague, wapige kura, na wewe ukae kando kwa hiyo kura. Hapo wakiichagua hakuna atakayesema ulificha kitu. Lakini binamu ana rent, anaweza kuuzia mwingine mkiendelea kujadiliana, na G anaweza kuona watu wake wamewekwa kizimbani. Mkifika hapo ombeni risiti ya kwanza, muangalie namba ya kamera kama inafanana na ya boksi. Simwiti mtu mwizi, ni vile tu kununua kitu cha wizi hata bila kujua kunaweza kukufikisha kituoni ukieleza. Na mpige picha moja hapo hapo, faili yake husomeka shata, ile pazia ya ndani inayofunguka kila ukipiga picha, imefyatuka mara ngapi. Hiyo Nikon ilijaribiwa kwa mara 150,000, ikikaribia hapo bei iongelewe upya.

Mnaweza kwenda kwa hiyo ndogo, na watu waliocheka wakacheka mpaka mvua ya kwanza. Hatari yake nimeisema, raba na giza, na kwamba wewe utakuwa mtu aliyechagua kasabuni. Mnaweza pia kukodisha moja kwa safari ya mwezi wa nane mkajua mnachopenda kabla ya kununua. Wengi wa kukodisha wanataka kitambulisho na deposti, na ikianguka huko juu mtalipa, kwa hivyo mkubaliane kwanza ni nani analipa, na iandikwe. Ama mnaweza kukaa na pesa yenu, mkabeba simu ndani ya jaketi karibu na kifua na pawabenki mbili, mkaona kama hiyo peke yake inatosha. Huyo aliyesema mrudishiwe pesa si lazima awe anavunja grupu.

Na wewe sasa. Unataka kujifunza picha utoke kwa till. Hiyo ni haja ya maana na inastahili pesa yake yenyewe, lakini kwa barua yako imejificha ndani ya kamera ya watu 16, na nadhani ndiyo inakufanya usijiamini ukisema chochote kuhusu hiyo Nikon. Ukiitetea mkutanoni, je, utakuwa unaitetea kwa ajili yao? Labda ndiyo kabisa, labda wewe ndiye utakayekuwa unaibeba na kuwapiga picha zote, na hilo ni jambo zuri, basi liseme waziwazi uone watasema nini. Ama grupu lichukue yake na wewe uongee na binamu kuhusu kununua yako polepole kama bado iko. Sijui mfuko wako unaruhusu nini, na kama hiyo pesa itatoka kwa zile mkopo za kwa simu ningekuomba usubiri, D7000 zilizotumika hazitaisha Nairobi.

Ukikosa pa kuanzia na G, jaribu hivi: "Nitaambia grupu kwamba muuzaji ni binamu yako, na nilitaka wewe ujue kwanza kabla yao." Halafu unyamaze umsikie. Na mkichagua yoyote ile, betri ya akiba na memori kadi zitoke ndani ya hiyo 64,000 kabla hamjaongea bei ya mwisho na muuzaji, manake watu humaliza pesa yote kwa kamera halafu usiku wa kuondoka wanaanza kuulizana nani ako na betri.

Anti